Maswali ya Wasomaji: Kristo Mfufuka na Wale Aliowatokea

Katika kipindi hiki cha Pasaka barua nyingi zilizotufikia zimegusa jambo moja, yaani zile siku 40 ambazo, kwa mujibu wa Matendo ya Mitume, Bwana wetu aliwatokea wanafunzi wake kabla ya kupaa mbinguni. Nimeziachia barua hizo safu yote ya toleo hili. Zilizofanana nimeziunganisha, na majina ya waandishi nimeyaacha kama wengi wao walivyoomba.

Swali: Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo Padre. Mimi ni katekista wa kigango kimoja huku Iringa. Kijana mmoja miongoni mwa wakatekumeni ameniuliza: kama aliyefufuka ni Yesu yule yule, iweje watu waliokula naye na kutembea naye kwa muda mrefu washindwe kumtambua? Maria Magdalena alimdhania kuwa mtunza bustani, wale wawili wa Emau walitembea naye kama mgeni, na kule ziwani wavuvi hawakujua ni nani aliyesimama ufukoni. Nimjibu nini?

Jibu: Milele amina, na marahaba, Katekista. Mwambie kijana huyo kwamba swali lake ni la haki, na kwamba Wainjili wenyewe hawakujaribu kulikwepa. Wangeweza kuandika kwamba mashahidi walimjua Bwana kwa mbali, mara tu walipomwona. Hawakuandika hivyo, kwa sababu haikuwa hivyo.

Anza kwa kumkumbusha Lazaro. Alipotoka kaburini kule Bethania, mikono na miguu ikiwa bado imefungwa sanda, hakuna aliyeuliza ni nani. Lazaro alirudishiwa maisha yale yale aliyokuwa nayo, akaketi tena mezani na dada zake, na baadaye alikufa kama wanadamu wote. Yesu hakurudi nyuma namna hiyo. Alikivuka kifo, akawa ng'ambo yake, kwa mwili wake ule ule uliosulubiwa, lakini katika hali ambayo macho yetu hayajaizoea. Ndiyo sababu anasimama katikati ya watu waliojifungia milango, na papo hapo anawauliza kama wana chakula. Kumtambua mtu wa namna hiyo hakutegemei ukali wa macho. Ni yeye anayejitambulisha, kwa wakati anaoutaka na kwa njia anayoitaka.

Sasa mpeleke kwenye njia hizo, maana humo ndimo ilimofichwa maana ya kiroho anayoitafuta. Maria Magdalena anamwona Bwana, anaisikia sauti yake ikimwuliza kwa nini analia, anamjibu, na bado hajui anazungumza na nani. Kinachomfungua ni jina lake mwenyewe likitamkwa. Sura kumi nyuma, katika Injili hiyo hiyo ya Yohane, Yesu alikuwa amekwisha kusema kwamba mchungaji mwema huwaita kondoo wake kwa majina, nao huijua sauti yake. Wale wawili wa Emau, ambao mmoja wao aliitwa Kleopa na mwingine Luka hamtaji jina, walifunguliwa kwa hatua: kwanza kwa Maandiko, waliyoelezwa njiani kuanzia Musa na manabii wote hata mioyo yao ikawaka, kisha kwa mkate ambao mgeni huyo aliutwaa, akaubariki, akaumega na kuwapa, sawasawa na alivyofanya katika Karamu ya Mwisho. Na kwenye Ziwa Tiberia, wanafunzi saba waliokuwa wamevua usiku kucha bila kupata kitu walisikia mtu wa ufukoni akiwaagiza walitupe jarife upande wa kuume wa chombo. Walipolitii neno lake na kulivuta jarife likiwa na samaki wakubwa 153, ndipo yule mwanafunzi aliyependwa na Yesu akamwambia Petro, "Ndiye Bwana."

Jina, Maandiko, mkate unaomegwa, kazi inayofanywa kwa neno lake: hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichoondoka duniani Bwana alipopaa. Mkatekumeni wako ataitwa kwa jina lake siku ya ubatizo, atasomewa Maandiko, atamegewa mkate altareni na atatumwa. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kiini cha matokeo yote ya siku zile 40. Kila mara alipowatokea, Bwana alikuwa akiwazoeza wanafunzi wake kumtambua kwa njia ambazo zingebaki nao watakapokuwa hawamwoni tena. Luka ameliweka jambo hili katika sentensi moja ambayo wengi huipita kwa haraka: macho yao yalifumbuliwa, wakamtambua, naye akatoweka. Hakutoweka kabla hawajamtambua, wala hakukaa hata kidogo baada ya kumtambua. La kushangaza zaidi ni kwamba hawakulalamika. Walikuwa wamemsihi mgeni akae nao kwa sababu kumekuchwa na mchana unakwisha, lakini sasa wao wenyewe wanainuka saa ile ile na kurudi Yerusalemu gizani, mwendo wa stadia 60, yaani kama kilomita 11, ili wakawaambie wenzao. Mtu aliyepokonywa kitu hatembei namna hiyo. Walikuwa na alichowaachia.

Swali: Padre, mimi ni mjane, naishi Bukoba. Tangu mume wangu afariki amenijia ndotoni mara kadhaa, amesimama mlangoni bila kusema neno. Ndugu zake wanasema ni mzimu wake, kwamba anadai kitu, na kwamba nisipofanyiwa tambiko wanangu watadhurika. Kanisani tunasoma kwamba Yesu naye aliwatokea watu baada ya kufa. Je, hayo si mamoja? Nimekuwa na hofu hata ya kulala.

Jibu: Pole sana, mama, kwa msiba na kwa hofu uliyoongezewa juu ya msiba. Swali lako liko karibu na Injili kuliko unavyodhani, kwa kuwa mitume wenyewe waliwaza kama ndugu za marehemu wanavyowaza. Luka anaandika kwamba Bwana aliposimama katikati yao walishtuka na kuogopa, wakidhani wanaona roho. Yesu hakuwakaripia kwa kuwaza hivyo. Aliwaonyesha mikono na miguu yake, akawaambia wamshike waone, kwa kuwa roho haina nyama na mifupa, na walipokuwa bado hawaamini kwa furaha akaomba chakula, wakampa kipande cha samaki wa kuokwa, akala mbele yao. Kwa hiyo jibu la kwanza ni la wazi: waliyemwona hakuwa kivuli cha marehemu wala ndoto ya watu wenye majonzi. Alikuwa mzima.

Lakini nataka utazame jambo jingine, kwa sababu ndilo linaloigusa hofu yako. Katika simulizi zetu za jadi, marehemu huja kwa sababu anadai. Amekosewa, amesahaulika, hakuzikwa ipasavyo, na anataka alipwe. Sasa fikiri ni nani aliyekuwa na madai makubwa kuliko Yesu jioni ile ya Pasaka. Chumbani walikuwemo watu waliomkimbia usiku wa kukamatwa kwake, na miongoni mwao alikuwamo Petro, aliyekana mara tatu kwamba hamjui. Kama kuna chumba ambamo aliyekufa angekuja kudai haki yake, kilikuwa hicho. Neno lake la kwanza, kama Luka na Yohane wanavyosimulia, likawa "Amani iwe kwenu."

Chakula nacho utazame vizuri. Aliomba samaki ili kuwaondolea hofu, si ili atulizwe asiwadhuru. Na alipowatokea tena kando ya Ziwa Tiberia, ni yeye aliyekuwa amewaandalia: moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Yohane anautaja moto wa makaa mara mbili tu katika Injili yake. Mara ya kwanza ni uani kwa Kuhani Mkuu, Petro akiota moto pamoja na watumishi na kumkana Bwana. Mara ya pili ni hapa. Sidhani kwamba ni bahati tu. Petro anarudishwa penye harufu ile ile ya makaa, anashibishwa kwanza, kisha anaulizwa mara tatu kama anampenda Bwana, sawa na mara alizomkana, na kila anapojibu anakabidhiwa kondoo wa kulisha. Kosa lake halikufunikwa kana kwamba halikutendeka, wala hakudaiwa fidia kwa ajili yake.

Kuhusu ndoto zako, mama, kumwota mtu uliyeishi naye miaka mingi ni sehemu ya maombolezo, na halina lawama. Huna deni la tambiko. Unachoweza kumfanyia mumeo ni kile ambacho Kanisa limewafanyia marehemu wake tangu zamani: kumwombea, na kumtolea nia ya Misa. Waalike na ndugu zake kwenye Misa hiyo bila kugombana nao, maana nao wamefiwa, na yumkini nyuma ya madai yao kuna uchungu ambao hawajapata namna nyingine ya kuusema. Zaidi ya hayo, umweleze paroko wako hofu hiyo ana kwa ana. Usiibebe peke yako.

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu jijini Nairobi. Rafiki yangu asiyeamini huniuliza kwa nini Yesu hakumtokea Pilato, au Kayafa, au akasimama hekaluni mchana kweupe watu wote wamwone. Anasema kutokea kwa marafiki pekee hakuthibitishi kitu.

Jibu: Rafiki yako hajaligundua jambo hili yeye wa kwanza. Petro alilisema mwenyewe nyumbani kwa Kornelio, akida wa Kirumi, katika sura ya 10 ya Matendo ya Mitume: Mungu alimdhihirisha Yesu, si kwa watu wote, bali kwa mashahidi waliochaguliwa tangu mwanzo, waliokula na kunywa pamoja naye baada ya kufufuka kwake.

Hata hivyo si kweli kwamba aliwatokea marafiki waaminifu pekee. Tomaso alikuwa amekataa kata kata kuamini. Yakobo, ndugu yake Bwana, alikuwa mmoja wa ndugu zake ambao Yohane anasema hawakumwamini. Saulo alikuwa njiani kwenda Dameski akiwa na barua za kuwakamata wafuasi wake. Paulo huyo huyo, akiwaandikia Wakorinto miaka ya 50 ya karne ya 1, anataja kwamba Bwana aliwatokea pia ndugu zaidi ya 500 kwa pamoja, na kwamba wengi wao walikuwa bado hai wakati anaandika. Maneno hayo yalimwalika msomaji wa wakati ule aende akawaulize. Na mbele ya orodha yote hiyo, kwa masimulizi ya Mathayo na Yohane, wanatangulia wanawake. Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne hiyo hiyo, ameandika kwamba ushahidi wa wanawake haupokelewi mahakamani; na mitume nao, kwa maneno ya Luka, waliyaona maneno ya akina mama hao kuwa ni upuzi. Mwaka 2016 Papa Fransisko aliipandisha kumbukumbu ya Maria Magdalena, tarehe 22 Julai, iwe sikukuu kama za mitume. Naona haki hiyo ilichelewa, ila ilifika.

Kwa nini basi si Pilato? Kwa sababu Bwana hakufufuka ili awakomoe waliomhukumu. Kusimama mbele ya liwali kwa utukufu kungemwogopesha, na pengine kungemfanya apige magoti, lakini mtu aliyepigishwa magoti na hofu hajaamini. Katika mfano wa tajiri na Lazaro maskini, Ibrahimu anasema kwamba wasiowasikiliza Musa na manabii hawatashawishika hata mtu akifufuka katika wafu. Wala kuona kwenyewe hakumalizi mambo: Mathayo, akisimulia mkutano wa mwisho juu ya mlima wa Galilaya, anasema wale kumi na mmoja walimwona wakamsujudia, lakini baadhi yao waliona shaka. Walimwona kwa macho, na shaka ikabaki! Wenye shaka hao nao waliagizwa pamoja na wenzao wawafanye mataifa yote kuwa wanafunzi. Rafiki yako akisema angemwona angeamini, msomee mstari huo.

Swali: Naandika kutoka Kigali. Mwilini mwangu nina makovu ya mwaka 1994. Huwa najiuliza kwa nini Yesu alifufuka na majeraha yake. Mungu aliyeweza kumtoa kaburini hakuweza kumponya mikono? Au makovu hayaponi hata mbinguni?

Jibu: Ndugu yangu mpendwa, nimeisoma barua yako kwa heshima, na nitajibu kwa uangalifu, kwa kuwa kuna maneno ambayo mtu asiyebeba unachobeba hapaswi kuyasema kwa wepesi.

Tunachokijua kutoka Injili ni kwamba majeraha yalibaki, na kwamba Bwana hakuyaficha. Yohane anasema aliwaonyesha mikono yake na ubavu wake mara baada ya kuwatakia amani. Ni kwa hayo walijua kwamba mfufuka ndiye msulubiwa. Kama angetokea na mwili usio na alama, tungeweza kuhofu kwamba Ijumaa Kuu imefutwa, kwamba mateso yake, na ya kila aliyeteswa, yalikuwa tukio la kusahauliwa mara ushindi unapofika. Ufufuko haukufuta yaliyotendeka. Majeraha yamebaki ndani ya utukufu, lakini hayatoi damu tena, hayaumi tena, na aliyeyatia hana tena uwezo juu ya aliyeyapata. Kuhusu miili yetu siku ya mwisho, Mtakatifu Augustino aliwaza kwamba huenda mashahidi wataonekana na alama za majeraha yao, zikiwa ni fahari kwao wala si kilema. Hayo ni mawazo ya mwalimu mkubwa, si fundisho tunalofungwa nalo. Nakuandikia kwa sababu nadhani yatakufaa.

Mtazame na Tomaso. Hakuwapo jioni ya kwanza, na baada ya siku nane Bwana alirudi, kana kwamba kwa ajili ya mtu mmoja. Alimwalika atie kidole chake katika mikono na mkono wake katika ubavu. Mchoraji Caravaggio amemchora Tomaso akikizamisha kidole jerahani, na picha hiyo imewafanya wengi waamini kwamba ndivyo ilivyokuwa, lakini Yohane hasemi kwamba aligusa. Anasema tu kwamba Tomaso alijibu, "Bwana wangu na Mungu wangu!" Ungamo hilo kubwa kuliko mengine yote katika Injili hiyo lilitamkwa mbele ya majeraha. Wewe hulazimiki kumwonyesha mtu yeyote makovu yako, wala kuharakishwa katika jambo lolote. Bwana aliyaonyesha yake kwa watu aliowachagua, chumbani, wakati alioutaka mwenyewe.

Swali: Kwa nini aliwatokea kwa siku 40 tu? Angebaki duniani mpaka leo, si kila mtu angeamini na Kanisa lisingegawanyika? (Msomaji wa Mombasa.)

Jibu: Angebaki kama walivyomwona wakati ule, angekuwa mahali pamoja. Wewe wa Mombasa ungefunga safari kwenda kumwona Yerusalemu, kama una nauli. Maskini wa kijijini angebaki kusimuliwa. Alimwambia Maria Magdalena asimshike, kwa kuwa hajapaa bado kwenda kwa Baba, na papo hapo akamtuma kwa ndugu zake. Maria alikuwa amempata tena Yesu wa zamani, Mwalimu wake wa njia za Galilaya, akataka mambo yarudi kama yalivyokuwa. Alichopewa kilikuwa kikubwa zaidi, ila ilimpasa aachie mkono ndipo akipokee.

Luka anaimaliza Injili yake kwa jambo ambalo lisingetarajiwa. Bwana anawaongoza mpaka karibu na Bethania, anawabariki, anajitenga nao na kuchukuliwa juu, nao wanarudi Yerusalemu wakiwa na furaha kuu. Wiki sita hivi nyuma, kuondolewa kwake kuliwatawanya. Safari hii wanaachwa na wanafurahi. Aliye yule yule ameondoka mara mbili, na tofauti yote kati ya kilio cha kwanza na furaha ya pili imepatikana katika zile siku 40. Kuhusu migawanyiko, tusimsingizie kupaa kwake. Wakorinto walianza kugawanyika wakati mashahidi waliomwona kwa macho wangali hai.

Swali: Mathayo anasema aliwatokea Galilaya, Luka anasema Yerusalemu. Yupi mkweli?

Jibu: Wote. Yohane ana matokeo ya sehemu zote mbili, kwanza Yerusalemu, kisha Ziwa Tiberia lililoko Galilaya, na siku 40 zinatosha kwa kwenda na kurudi. Kila Mwinjili alichagua. Luka anabaki Yerusalemu kwa sababu kitabu chake cha pili kitaanzia hapo kuelekea miisho ya dunia. Mathayo anawarudisha Galilaya, walikoitwa mara ya kwanza wakiwa wavuvi, ili waanze upya wakiwa wamesamehewa. Kwa Marko, nakala mbili mashuhuri za karne ya 4, zinazojulikana kama Sinaiticus na Vaticanus, zinaishia sura ya 16 mstari wa 8, kabla ya tokeo lolote kusimuliwa. Mistari inayofuata Kanisa limeipokea kama Maandiko Matakatifu na linaisoma katika Misa.

Swali: Je, alimtokea Mama yake?

Jibu: Injili hazisemi. Mtakatifu Ignasi wa Loyola aliwaelekeza wanaofanya mafungo yake watafakari kwamba Bikira Maria alitokewa wa kwanza, na Papa Yohane Paulo II alieleza mwaka 1997 kwamba ni jambo la kusadikika. Unaweza kuamini hivyo kwa ibada njema, mradi usimlazimishe jirani yako.

Swali: Bwana Yesu asifiwe. Katika mji wetu amejitokeza mhubiri anayesema Yesu amemtokea usiku, akampa ujumbe wa siri kwa ajili ya wachache. Watu wanauza mashamba ili wapate nafasi karibu naye. Dada yangu ni mmoja wao. Tutajuaje kama kweli ametokewa?

Jibu: Asifiwe milele. Sitamhukumu mtu nisiyemjua, lakini Injili zenyewe zimetupa vipimo vya kutosha, na dada yako anaweza kuvisoma bila msaada wa padre.

Hakuna hata mmoja aliyetokewa na Bwana ambaye alibaki na jambo hilo kwa faida yake. Maria alitumwa kwa ndugu. Wawili wa Emau walirudi kwa wale kumi na mmoja, na kabla hawajasimulia yao walisikia kwanza kwamba Bwana amemtokea Simoni; ushuhuda wao ukapokelewa ndani ya ushuhuda wa Kanisa. Paulo, ambaye tokeo lake lilikuwa la ajabu kupita yote, aliinuka pale njiani akiwa kipofu, akaongozwa kwa mkono kama mtoto hadi Dameski, akakaa siku tatu bila kula wala kunywa, na ilimbidi amngoje Anania, mwanafunzi asiye na cheo, aje amwekee mikono na kumbatiza. Baadaye alijiita mdogo katika mitume, asiyestahili kuitwa mtume. Na huyo aliyetokewa ndiye aliyefanya kazi kwa mikono yake asije akamlemea mtu. Mtu anayesema ametokewa na Bwana, kisha watu wakazidi kuwa maskini naye akazidi kutajirika, amejipima mwenyewe.

Siri nayo ni dalili mbaya. Bwana hakumnong'oneza mtu yeyote fundisho jipya la wachache. Aliwafafanulia Maandiko yaliyokuwa yakisomwa katika kila sinagogi, na agizo lake lilikuwa kwa mataifa yote. Ndiyo sababu Kanisa huenda taratibu katika mambo haya. Huko Kibeho, Rwanda, wanafunzi wa shule walianza kusema mwaka 1981 kwamba wametokewa na Bikira Maria. Ilikuwa mwaka 2001 ndipo Askofu Augustin Misago wa Jimbo la Gikongoro alipotangaza kuukubali ushuhuda wa wasichana watatu miongoni mwao, na hata baada ya tamko hilo hakuna Mkatoliki anayelazimika kuuamini kama anavyoiamini Injili. Miaka 20 ya uchunguzi! Mhubiri wa mjini kwenu anataka mashamba yauzwe mwezi huu.

Zungumza na dada yako kwa upole, wala usimdhihaki, kwa sababu huenda anachokitafuta ni kitu chema, yaani kuwa karibu na Bwana. Ikiwa shamba ni la familia, wazee wakutane haraka kabla hati haijabadilishwa jina.

Swali: Nikitaka kuzitafakari habari hizi nyumbani na familia, nianzie wapi?

Jibu: Fuata mpangilio wa Misa za wiki ya kwanza ya Pasaka, ambao unafaa wakati wowote wa mwaka: Mathayo 28:8-15 siku ya Jumatatu, Yohane 20:11-18 Jumanne, Luka 24:13-35 Jumatano, Luka 24:35-48 Alhamisi, Yohane 21:1-14 Ijumaa, Marko 16:9-15 Jumamosi, na Yohane 20:19-31 Jumapili. Ijumaa ongezeni mistari ya 15 hadi 19, msiishie kwenye samaki mkayaacha maswali matatu aliyoulizwa Petro. Ndugu zetu Waorthodoksi wana masomo 11 ya ufufuko yanayosomwa kwa zamu katika sala za Jumapili asubuhi mwaka mzima, na mpango huo nao ni mzuri kwa familia inayotaka kuendelea baada ya wiki ya kwanza. Someni tokeo moja kwa siku, mtoto mmoja asome kwa sauti, na kabla ya mtu mzima yeyote kueleza, waulizeni watoto Bwana alitambuliwa kwa kitu gani.